Msaada wa kisheria ukiwa huna pesa: mwongozo kwa mkazi wa Mwanza na kandokando ya Ziwa

Mtu wa Kayenze anayegombea heka mbili alizoachiwa na baba yake, na binti wa Mabatini aliyeachishwa kazi kiwandani bila barua, huambiwa neno lilelile na kila wanayemuuliza: tafuta wakili. Wakili anataka pesa, pesa haipo, basi jambo linawekwa pembeni mpaka mambo yakae sawa. Hapo ndipo kesi nyingi za watu wa hali ya chini zinapofia. Msaada wa bure upo huku Kanda ya Ziwa, na upo karibu kuliko watu wanavyodhani, lakini siku zinakwisha wakati mtu bado anazunguka kutoka ofisi hii hadi ile akiambiwa "hapa sipo, nenda kule".

Kwa hiyo nimeanza na hesabu ya siku, kisha karatasi, kisha watu wa kuwaendea, kisha mlango wa kila aina ya jambo. Ukiwa na haraka soma hatua ya kwanza sasa hivi, mengine utayarudia.

Jambo moja kwanza. Ukienda kuomba msaada huu huombi fadhila ya mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayousimamia. Iliweka Msajili wa watoa huduma chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria walioko vijijini na mitaani, na ikamtaja mtu asiye na uwezo kuwa ndiye mlengwa. Sheria iliyokuwepo kabla yake, ya mwaka 1969, iligusa kesi za jinai peke yake. Leo hata mgogoro wa mpaka wa shamba au matunzo ya mtoto unaingia.

Hatua ya kwanza: hesabu siku zako

Chukua karatasi, andika tarehe ya tukio. Tarehe uliyoachishwa kazi, tarehe hukumu iliposomwa, tarehe uliyopewa notisi. Kisha linganisha na haya.

Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Madai mengine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Ukishindwa kesi Mahakama ya Mwanzo, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Ukishindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12 tangu haki yako ilipovunjwa, na madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka 6. Ukitaka kuishtaki serikali, iwe kuu au halmashauri, lazima uitangulizie notisi ya siku 90 kwa maandishi, na kesi isiyo na notisi hiyo hutupwa kabla hata hujaanza kueleza.

Ukiwa umeshachelewa, usikate tamaa, lakini ujue unaingia kwenye kazi ngumu zaidi. Unaomba kwanza kuongezewa muda, na mahakama itataka ueleze kila siku uliyochelewa. Kuumwa kunakubalika ukiwa na karatasi za hospitali. Kufungwa au kuwekwa mahabusu kunakubalika ukiwa na uthibitisho. "Sikujua sheria" kwa kawaida haikubaliki, na "sikuwa na pesa" peke yake mara nyingi haitoshi. Ndiyo maana nasema hivi: kama zimebaki siku tano, usizitumie kumsubiri mtu fulani arudi kutoka safari. Nenda mwenyewe masjala ya mahakama au baraza husika, uliza jambo lako linafunguliwaje, na ufungue. Msaada wa kuliboresha unaweza kuja baadaye.

Hatua ya pili: panga karatasi zako ziseme

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo msaidizi wa kisheria anapopoteza muda mwingi, na muda wake ni wa kugawana na watu wengi.

Angalia mama mmoja mchuuzi wa dagaa anapofungua mfuko wake wa karatasi mezani. Ndani kuna kadi ya kliniki ya mtoto, risiti ya duka, picha ya harusi, na chini kabisa karatasi ya mauziano ya kiwanja iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, alama za dole gumba bado zinaonekana, lakini mkunjo umepita juu ya jina la shahidi wa pili na wino umeliwa. Shahidi huyo ndiye pekee aliye hai. Karatasi hiyo ingepigwa picha kwa simu siku ilipoandikwa, jina lingesomeka leo.

Basi fanya hivi. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, mchana kwenye mwanga. Toa kopi mbili mbili. Nakala halisi zibaki nyumbani au kwa mtu unayemwamini, na mtu yeyote anayekwambia umwachie nakala halisi bila kukuandikia popote kuwa amezipokea, mkatalie. Ujumbe wa simu usiufute, hata ule wa matusi. Ujumbe na miamala ya simu inapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kampuni yako ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala ya miezi iliyopita. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa simu, taarifa hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba alikuwa analipwa na nani.

Kisha andika kisa chako kwenye ukurasa mmoja. Nani, lini, wapi, nini kilitokea, nani aliona, ulishakwenda ofisi gani na uliambiwa nini, na mwisho kabisa unataka nini. Hilo la mwisho watu wanalisahau. "Nataka haki yangu" haimsaidii anayekusikiliza. "Nataka shemeji aondoke kwenye nyumba ya Buhongwa na anirudishie kodi aliyokusanya" inamsaidia. Kama kuandika kunakusumbua, mwombe kijana wa nyumbani aandike wewe ukisema, kisha akusomee.

Mwisho wa hatua hii ni barua. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, omba barua ya utambulisho, na mwambie waziwazi aandike ndani yake kwamba kipato chako ni kidogo na huna uwezo wa kumlipa wakili. Barua nyingi zinasema tu "ni mkazi wangu". Sentensi hiyo moja ya ziada itakusaidia kwa mtoa msaada na tena mahakamani utakapoomba kusamehewa ada.

Hatua ya tatu: nani wa kumwendea

Mlango wa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii. Yupo kwenye kata, na yupo halmashauri ya wilaya yako, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa au Ukerewe. Wengi wanadhani kazi yake ni vikundi vya mikopo tu. Kumbe usajili wa watoa msaada wa kisheria ngazi ya mkoa na wilaya unapita kwenye ofisi hizo za maendeleo ya jamii, kwa hiyo yeye ndiye anayewajua wasaidizi wa kisheria wa eneo lako. Mwambie hivi: "Naomba unielekeze kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika wilaya hii." Ukiwa Ukara, kabla hujalipa nauli ya kwenda Bugolora na Nansio, mpigie kwanza mtendaji wako wa kata akuulizie kama mtu huyo yupo ofisini siku hiyo.

Msaidizi wa kisheria si wakili. Ni mtu wa hapohapo aliyepewa mafunzo: atakusikiliza, atakueleza sheria inasema nini, atakuelekeza mlango sahihi, na ninyi mkitaka atawakalisha mpatane. Hawezi kukusimamia mahakamani, na haruhusiwi kukutoza. Akikudai pesa ya "kufungua faili", simama hapo, mshukuru, na urudi kwa aliyekuelekeza.

Kwa ukatili wa kijinsia na migogoro ya wanawake na wasichana, Mwanza ina Kivulini, shirika la kutetea haki za wanawake lililoanzishwa mwaka 1999. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vyao, ambako huduma ni bure na unatakiwa kusikilizwa faraghani. Kwa mtoto aliyedhurika au aliyetelekezwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au piga 116, simu ya bure ya mtoto ya taifa. Usisubiri mpaka upate ushahidi kamili, kazi ya kuutafuta ni yao.

Pale ambapo lazima awepo wakili, Chama cha Mawakili wa Tanganyika, yaani TLS, kina tawi hapa Mwanza. Waeleze kuwa unaomba wakili wa kujitolea, uwe na barua yako na ukurasa wako mmoja. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe kinafundisha sheria, na inafaa kuulizia huko kuhusu ushauri wa kisheria kwa wananchi. Kama anayekudhulumu ni mtumishi wa umma au chombo cha serikali, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo na ina ofisi Mwanza.

Kuna pia huduma zinazokuja kwa msimu. Kila mwaka mwishoni mwa Januari, kuelekea Siku ya Sheria, Mahakama hufanya Wiki ya Sheria, na mahakimu, mawakili na wadau wengine hukaa kwenye mabanda kutoa elimu na ushauri bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikizunguka mikoani mpaka kwenye kata. Zitumie zikifika, lakini usiweke jambo lenye siku 30 kusubiri kampeni.

Na usidharau Mahakama yenyewe. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Mwanza, kimojawapo cha vituo sita vilivyozinduliwa mwaka 2021, kiliwekwa ili ngazi mbalimbali za mahakama na wadau wao wawe chini ya paa moja. Karani hawezi kukushauri ushinde vipi, lakini anaweza kukwambia fomu ipi, ada kiasi gani, na siku zako zinaisha lini. Muulize hayo matatu bila woga.

Hatua ya nne: ingia mlango wa jambo lako

*Ardhi.* Huku kandokando ya Ziwa hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo watu wanalolikosea zaidi. Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linaamua kesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linapatanisha tu. Mkipatana, vizuri. Msipopatana, linakupa cheti kuwa usuluhishi umeshindikana, na hapo ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila cheti hicho hupokelewi. Lakini wakikaa na jambo lako zaidi ya siku 30 bila kulimaliza, sheria inakuruhusu kusonga mbele. Kwa hiyo siku unayofungua lalamiko kata, hakikisha barua yako imegongwa mhuri wenye tarehe na nakala yako nayo imegongwa. Bila mhuri huo huna cha kuonyesha kwamba siku 30 zimepita.

Mtu anayelima ardhi ya kimila asikubali kutishwa na mwenye hati kutoka mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na haki miliki ya kupewa na serikali. Sheria hiyohiyo inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kijiji chako kikiwa kimepimwa na kina mpango wa matumizi ya ardhi, omba hati ya haki miliki ya kimila sasa, kabla mgogoro haujazaliwa. Na ukinunua ardhi ya kijiji, kibali cha halmashauri ya kijiji ni lazima. Karatasi ya mwenyekiti peke yake, hata iwe na mhuri mkubwa kiasi gani, ni msingi mbovu.

Wale walio ufukweni kabisa, Igombe, Kayenze, visiwani, wajue pia mpaka wa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukipewa notisi ya kuondoka kwa sababu hiyo, kabla ya kubishana omba mtaalamu wa ardhi wa halmashauri apime mbele yako. Nyumba iliyo mita 70 na nyumba iliyo mita 40 ni kesi mbili tofauti kabisa, na usitake kuzijadili pamoja kwenye mkutano mmoja wa hadhara.

*Mirathi.* Mwanaume akifa, ndugu wanafika kabla udongo haujakauka. Mjane anaambiwa mume alikuwa wa ukoo, na mali ni ya ukoo. Sikiliza mama: kikao cha ukoo hakigawi urithi. Kinachofanya ni kupendekeza msimamizi wa mirathi, na anayemteua ni mahakama. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu unakwenda Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, ukiwa na cheti cha kifo. Mahakama kwa kawaida huulizia muhtasari wa kikao cha familia. Ukoo wakikataa kukaa na wewe, nenda hivyohivyo, ueleze mahakama kwamba wamekataa. Na aliyeteuliwa kuwa msimamizi hajarithishwa kila kitu. Ni mtumishi wa warithi, anatakiwa kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Asipofanya hivyo, warithi wanaweza kuomba aondolewe.

Kuna kesi moja kila mwanamke wa Kanda ya Ziwa angepaswa kuijua, na iliamuliwa hapahapa, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Holaria Pastory, mama wa Kihaya kutoka Muleba, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akazeeka, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kusema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na akashinda. Mama akakata rufaa wilayani, akashinda. Ilipofika Mahakama Kuu, Jaji Mwalusanya alisema mila hiyo inabagua kinyume na Katiba, na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Kesi hiyo ilianzia mahakama ndogo ya kijijini. Hukumu unaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII, pamoja na maelfu ya hukumu nyingine za Tanzania. Ukimtajia hiyo shemeji anayesema "mila zetu haziruhusu", sauti yake itashuka.

*Ndoa na matunzo.* Kabla ya kuomba talaka mahakamani, kwa kawaida lazima mpitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini yenu, likupe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuhusu mali, usikubali kuambiwa "wewe ulikuwa nyumbani tu, hukuchangia". Mahakama ya Rufani iliamua tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Matunzo ya mtoto hayasubiri talaka. Anzia ustawi wa jamii, wao humwita baba, na akikaidi wanakusaidia kufika mahakamani.

*Kazi.* Binti wa kiwanda cha minofu ya sangara na kijana wa mtumbwi wa dagaa wana tatizo moja, hawana mkataba wa maandishi. Hilo lisikuzuie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoyaleta kesi ikifika, ni juu yake kuthibitisha masharti anayoyabishia. CMA ina ofisi Mwanza, haitozi ada, na lugha ni Kiswahili. Unajaza fomu yao namba 1, unampa mwajiri nakala kwanza, unapata uthibitisho kwamba amepokea, ndipo unaifungua. Akikataa kupokea, nenda na shahidi, na shahidi huyo aandike alichokiona. Hatua ya kwanza pale ni usuluhishi, na kesi nyingi huishia hapo. Uende na hesabu yako imeandikwa: mshahara wa mwezi, miezi isiyolipwa, likizo, notisi. Ukienda bila hesabu utakubali kiasi chochote utakachotajiwa.

*Jinai.* Ukikamatwa, polisi wanatakiwa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24 au kukupa dhamana, isipokuwa kwa makosa ambayo sheria imeyatenga. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ndugu zako walete barua ya mtaa na kitambulisho cha mdhamini, na anayedai "ya chai" ripoti TAKUKURU kwa 113, ni bure. Ukijeruhiwa wewe, omba kituoni PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, nayo haina bei. Jeraha likiwa kubwa nenda hospitali kwanza.

Kwa kesi ya mauaji Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa wakili bila malipo. Kwa makosa mengine mazito, sheria ya 2017 inampa hakimu au jaji uwezo wa kuona kuwa mshtakiwa hana uwezo na haki inataka apewe wakili. Lakini mara nyingi hakuna atakayekuulizia. Siku ya kwanza unaposimama kizimbani, sema wazi: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria," na usiondoke mpaka uone imeandikwa. Kwa ndugu aliyeko mahabusu Butimba, mwambie amwone ofisa wa gereza aombe kuunganishwa na mtoa msaada, na wewe huku nje ufanye hilo hilo kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Msishughulike kila mtu peke yake.

Hatua ya tano: ada za mahakama

Msaada wa bure wa wakili haumaanishi mahakama haikutozi. Kuna ada ya kufungua kesi, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu. Haipitii mkononi mwa karani. Ukishindwa, omba kusamehewa. Kanuni zinamruhusu mtu maskini kuomba msamaha wa ada, na hapo ndipo barua ya mtendaji yenye ile sentensi ya kipato inapofanya kazi. Mwone hakimu mfawidhi ukiwa na barua mkononi. Ombi la mdomo korido halina kumbukumbu.

Ukiwa Mahakama ya Mwanzo, mengi unaweza kufanya mwenyewe. Dai linaweza kupokelewa hata kwa mdomo likaandikwa pale. Na kwenye kesi ya madai, kwa ruhusa ya mahakama, ndugu yako au mtu wa nyumba moja na wewe anaweza kukusemea. Mzee asiyesikia vizuri asiende peke yake, aende na mtoto wake aombe ruhusa hiyo.

Hatua ya sita: ukilazimika kulipa

Wakati mwingine mtoa msaada amezidiwa na siku zako zinaisha, inabidi uchangishe ndugu. Basi lipia kidogo, lipia kitu kinachojulikana. Huna lazima ya kumlipa wakili kesi nzima. Muulize akuandikie hati ya rufaa tu, au akusomee karatasi kwa saa moja akupe ushauri, kisha uendelee mwenyewe. Mkubaliane kwa maandishi: kazi gani, bei gani, inakamilika lini. Dai risiti.

Na kabla ya shilingi moja kutoka, hakikisha ni wakili kweli. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili kwenye intaneti. Unaandika jina lake na unaona kama yupo kwenye orodha na kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huo. Vishoka wamejaa nje ya mahakama zetu, wamevaa suti, wana mihuri, wanaongea Kiingereza cha haraka. Hati iliyoandaliwa na mtu asiyeruhusiwa inaweza kukataliwa na mahakama, na hapo umepoteza pesa pamoja na siku. Mtu akikwambia "mimi namjua hakimu", huyo anauza kitu ambacho hana. Mwache.

Ukikwama

Mtoa msaada akikutoza au akikutelekeza, lalamika kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya au kwa Msajili. Wakili akikula pesa, kuna Kamati ya Mawakili inayoshughulikia maadili yao. Hakimu akikuomba rushwa, kuna kamati za maadili ya maofisa wa mahakama ngazi ya mkoa na wilaya, chini ya Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, na kuna 113. Lakini lalamiko la maadili halibadilishi hukumu. Kwa kawaida hukumu inabadilishwa kwa rufaa. Watu wengi hutumia siku zao 30 kuandika barua kwa wakubwa, halafu wanashangaa rufaa imepitwa.

Siku hukumu ikisomwa dhidi yako, kabla hujatoka kwenye uzio wa mahakama, nenda masjala. Omba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, kwa barua, hakikisha barua imegongwa mhuri wa tarehe hiyohiyo, na nakala yako iwe imegongwa pia. Ndipo uende kwa msaidizi wa kisheria ukiwa na barua hiyo mfukoni.